Uhamiaji Mtandao: Safari ya jalada la mwombaji kutoka kabatini hadi kwenye mfumo

Katika ofisi za umma, jibu ambalo mwombaji hulihofia kuliko kukataliwa ni kuambiwa kwamba jalada lake halionekani. Aliyekataliwa hupewa sababu, naye huweza kurekebisha kasoro au kuomba uamuzi upitiwe upya. Ambaye jalada lake halionekani hana cha kurekebisha. Kazi yake ni kurudi kesho. Kwa mgonjwa aliyepewa rufaa ya matibabu nje ya nchi, kwa mwanafunzi ambaye chuo chake kinafunguliwa wiki ijayo, au kwa kiwanda kinachomsubiri fundi wa mtambo, kesho hiyo ina gharama.

Kuondoa jibu la namna hiyo ni moja ya sababu kuu za Serikali kuanzisha mfumo wa Uhamiaji Mtandao, uliozinduliwa jijini Dar es Salaam tarehe 31 Januari 2018 na Rais wa Awamu ya Tano, Dkt. John Pombe Magufuli. Makala haya yanaeleza jinsi maombi ya pasipoti, viza na vibali vya ukaazi yanavyoshughulikiwa kidijitali nchini, kilichobadilika katika mwenendo wa jalada, mafunzo kutoka nchi nyingine zilizopita njia hiyo, na maeneo ambayo mashine peke yake haiwezi kumsaidia mwananchi.

Jalada la karatasi lilivyosafiri

Kila ombi la uhamiaji ni mkusanyiko wa maswali machache. Mwombaji ni nani? Ni raia wa nchi gani? Anataka nini, kwa muda gani, na kwa sababu ipi? Je, yapo mazuio ya kisheria? Majibu ya maswali hayo hutoka kwenye nyaraka, nazo huwekwa katika jalada.

Katika utaratibu wa karatasi, jalada lilifunguliwa masjala, likapewa namba, kisha likapelekwa meza kwa meza. Afisa mmoja alihakiki vyeti, mwingine alikagua malipo, mwingine alitoa maoni, na mwenye mamlaka aliamua. Ombi lililopokelewa mkoani na kuhitaji uamuzi wa makao makuu lilisafirishwa, likasubiri zamu yake, kisha likarudishwa. Utaratibu huo ulikuwa na nidhamu yake, na watunza kumbukumbu wenye uzoefu waliuendesha kwa uaminifu mkubwa. Hata hivyo, ulikuwa na udhaifu wa msingi: jalada la karatasi huwa mahali pamoja tu kwa wakati mmoja. Likiwa mezani kwa afisa aliye likizo, hakuna mwingine anayeweza kulifanyia kazi. Na mwombaji hana njia ya kujua liko wapi isipokuwa kwenda kuuliza.

Hapo ndipo vishoka walipopata riziki. Mtu aliyedai kuwa na uwezo wa kulisukuma jalada alikuwa na bidhaa ya kuuza kwa sababu mwenye ombi hakuweza kuliona. Kwa sababu hiyo, uwazi wa hatua za ombi ni huduma kwa mteja, na pia ni silaha dhidi ya rushwa.

Mfumo ulivyoanza

Msingi wa kisheria wa huduma hizi ni Sheria ya Uhamiaji, Sura ya 54, iliyotungwa mwaka 1995. Sheria ya Uraia, Sura ya 357, ya mwaka huohuo. Na Sheria ya Pasipoti na Hati za Kusafiria ya mwaka 2002. Uhamiaji na uraia ni miongoni mwa mambo ya Muungano, hivyo Idara ya Uhamiaji inahudumia pande zote mbili, Tanzania Bara na Zanzibar.

Mabadiliko ya mwaka 2018 yalitanguliwa na makubaliano ya kikanda. Mwezi Machi 2016, Wakuu wa Nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki waliokutana Arusha walizindua pasipoti mpya ya kielektroniki ya Afrika Mashariki, ili nchi wanachama ziachane na pasipoti zao za zamani na kutumia hati za kiwango kimoja. Tanzania ilianza na pasipoti hiyo, na matumizi ya pasipoti za zamani yakafikia ukomo Januari 2020. Mwishoni mwa mwaka 2018 huduma ya viza kwa njia ya mtandao ilianza, na huduma za vibali zikaingizwa pia katika mfumo.

Utaratibu wa awamu kwa awamu ulikuwa na maana. Pasipoti ilihitaji kuchukua alama za vidole, picha na saini za mamilioni ya raia. Viza ilihitaji kumfikia mgeni ambaye bado yuko kwao. Kibali cha ukaazi kilihitaji mawasiliano na taasisi nyingine za Serikali. Kila huduma ina ugumu wake, na kuziunganisha zote kwa siku moja kungeziweka zote katika hatari ya kukwama kwa pamoja.

Pasipoti: hatua kwa hatua

Mwombaji wa pasipoti hujaza fomu katika tovuti ya Idara ya Uhamiaji. Mfumo humpatia namba ya ombi na kumbukumbu namba ya malipo, ambayo hulipiwa benki au kwa simu ya mkononi kupitia mfumo wa Serikali wa ukusanyaji mapato. Ada ya pasipoti ya kawaida kwa aliye nchini ilipangwa kuwa Sh. 150,000, ambapo Sh. 20,000 ni ya fomu na Sh. 130,000 ni ya pasipoti yenyewe. Baada ya hapo mwombaji huchapisha fomu yake na kufika katika ofisi ya Uhamiaji akiwa na viambatisho, vikiwemo Kitambulisho cha Taifa, cheti cha kuzaliwa na ushahidi wa uraia wa mzazi. Hapo ndipo anapopigwa picha na kuchukuliwa alama za vidole.

Kufika huko kwa ana kwa ana hakujaondolewa, na si kwa bahati mbaya. Fomu ya mtandaoni inaweza kujazwa na mtu yeyote kwa niaba ya yeyote. Alama za vidole na uso haviwezi kutumwa kwa niaba. Hatua hiyo moja ndiyo inayofunga jina lililo kwenye fomu na mwili wa mtu aliyesimama mbele ya afisa.

Pasipoti inayotolewa hudumu miaka 10 kwa mtu mzima na ina kidude kidogo cha kielektroniki kinachohifadhi taarifa zilezile zilizo katika ukurasa wa picha, pamoja na picha ya uso. Taarifa hizo hutiwa saini ya kidijitali na nchi iliyotoa pasipoti, kwa kufuata viwango vya Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga. Afisa wa mpakani katika nchi yoyote yenye kifaa cha kusoma huweza kubaini mambo mawili kwa sekunde chache: kwamba pasipoti imetolewa na mamlaka halali, na kwamba hakuna taarifa iliyobadilishwa tangu ilipotolewa. Zamani, kughushi pasipoti kulihitaji mkono stadi wa kubandua picha na kubandika nyingine. Leo picha iliyobandikwa haitalingana na iliyo ndani.

Viza na vibali vya ukaazi

Kwa mgeni, mabadiliko yameanzia nyumbani kwake. Huwasilisha ombi la viza akiwa bado hajasafiri, hupakia nakala ya pasipoti na picha, hulipa kwa kadi ya benki, na hupokea majibu kwa barua pepe. Kwa raia wa mataifa ambayo viza zao huhitaji idhini maalum ya Kamishna Jenerali wa Uhamiaji, ukaguzi hufanyika kabla mgeni hajapanda ndege. Faida yake ni ya pande mbili. Mgeni asiyestahili kuingia hujua hivyo akiwa kwao, badala ya kurudishwa kutoka kaunta ya uwanja wa ndege kwa gharama yake au ya shirika lililombeba. Na afisa aliye kaunta, badala ya kuanza uchunguzi upya huku foleni ikirefuka, hulinganisha mtu aliye mbele yake na uamuzi uliokwisha kufanyika.

Vibali vya ukaazi ni shughuli nzito zaidi. Sheria imeviweka katika madaraja matatu: Daraja A kwa wawekezaji na wanaojiajiri, Daraja B kwa wanaoajiriwa, na Daraja C kwa makundi mengine kama vile wanafunzi, watafiti, wanaojitolea na wastaafu. Mgeni anayekuja kuajiriwa Tanzania Bara hukutana na sheria mbili. Sheria ya Uratibu wa Ajira za Wageni ya mwaka 2015 inamtaka apate kibali cha kazi kutoka kwa Kamishna wa Kazi, na Sheria ya Uhamiaji inamtaka apate kibali cha ukaazi. Kwa Zanzibar, kwa kuwa masuala ya kazi si ya Muungano, kibali cha kazi hutolewa na mamlaka za kazi za Zanzibar zenyewe, wakati ukaazi unabaki kwa Uhamiaji.

Mgawanyo huu una sababu. Kamishna wa Kazi anauliza kama ujuzi unaoletwa unakosekana nchini, na kama mwajiri ana mpango wa kuwarithisha Watanzania ujuzi huo. Uhamiaji inauliza mtu huyu ni nani na kama kuwapo kwake nchini ni salama na halali. Ni maswali mawili tofauti. Lakini wakati wa karatasi, mwajiri alipeleka nyaraka zilezile katika milango miwili, na ofisi moja haikujua nyingine imefikia wapi. Ndiyo maana maombi ya vibali vya kazi nayo yalihamishiwa mtandaoni, ili uamuzi wa ofisi moja uweze kuonekana na nyingine bila barua kupita mkononi mwa mwombaji.

Kusomana kwa mifumo

Neno linalosikika mara nyingi katika maelekezo ya viongozi kuhusu Serikali Mtandao ni kusomana. Sheria ya Serikali Mtandao ya mwaka 2019, iliyoipa nguvu ya kisheria Mamlaka ya Serikali Mtandao, inazitaka taasisi za umma kujenga mifumo inayoweza kubadilishana taarifa. Kwa uhamiaji, hili ni jambo la kufa na kupona.

Fikiria swali jepesi kabisa: je, mwombaji huyu ni Mtanzania? Idara ya Uhamiaji haiwezi kulijibu kwa kumbukumbu zake pekee. Jibu limegawanyika. Kuzaliwa kwa mtu kumeandikwa na Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini kwa upande wa Bara, au na Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii kwa upande wa Zanzibar. Utambulisho wake umo katika Mamlaka ya Vitambulisho vya Taifa, iliyompa namba yenye tarakimu 20 ambazo nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku aliyozaliwa. Uraia wa mzazi wake unaweza kuwa umeandikwa katika cheti cha zamani kilichotolewa kwa mkono katika ofisi ya wilaya.

Mifumo hiyo ikisomana, tarehe ya kuzaliwa iliyojazwa kwenye fomu ya pasipoti hulinganishwa papo hapo na iliyo katika Kitambulisho cha Taifa. Isiposomana, mwananchi hugeuka kuwa tarishi wa Serikali: anachukua karatasi katika taasisi moja kuipelekea nyingine, wakati zote ni za Serikali moja.

Mafunzo kutoka kwa wengine

Tanzania si ya kwanza kupita njia hii, na waliotangulia wameacha mafunzo yaliyogharimu fedha nyingi.

Nchini Marekani, idara inayoshughulikia uraia na uhamiaji ilianza mwaka 2012 kutumia mfumo mpya wa kielektroniki wa kushughulikia maombi, baada ya maandalizi ya miaka kadhaa. Mwezi Novemba 2016, Mkaguzi Mkuu wa Wizara ya Usalama wa Ndani wa nchi hiyo alitoa taarifa kwamba zilikuwa zimetolewa angalau kadi 19,000 za ukaazi wa kudumu zenye taarifa zisizo sahihi au zilizotolewa mara mbili kwa mtu mmoja. Mwaka huohuo, maombi ya uraia yaliyoanza kuingizwa katika mfumo mwezi Aprili yalisitishwa kuingizwa humo mwezi Agosti, kutokana na matatizo ya kiufundi. Fundisho lake ni kwamba mfumo wenye kasi hueneza kosa kwa kasi ileile. Karani mmoja akikosea, huharibu jalada moja. Programu ikikosea, huharibu maelfu kabla ya mtu kugundua.

Nchini Uingereza, mradi mkubwa wa mfumo wa kushughulikia maombi ya uhamiaji ulisitishwa mwaka 2013 baada ya kutumia karibu pauni milioni 350, huku maafisa wakiendelea kutegemea mfumo wa zamani ambao ulikusudiwa kuondolewa. Nchi hiyohiyo ilipata fundisho jingine, la uchungu zaidi. Watu waliohamia huko kihalali kutoka visiwa vya Karibi tangu mwaka 1948, wengi wakiwa watoto, walianza kudaiwa uthibitisho wa haki yao ya kuishi nchini. Baadhi yao walipoteza kazi, wengine walinyimwa matibabu, na wengine waliondolewa nchini. Kadi za kuwasili ambazo zingeweza kuwasaidia baadhi yao kuthibitisha mwaka walioingia zilikuwa zimeteketezwa mwaka 2010. Kashfa hiyo, inayojulikana kwa jina la meli ya Windrush, ilipofichuka kikamilifu mwaka 2018, Waziri wa Mambo ya Ndani alijiuzulu. Karatasi iliyoonekana kuwa takataka ndiyo iliyokuwa uraia wa mtu.

Jirani zaidi, Kenya ilikumbwa mwezi Julai 2023 na shambulio la kimtandao dhidi ya jukwaa lake la huduma za Serikali, na huduma ya viza ikawa miongoni mwa zilizoathirika. Serikali ya nchi hiyo iliruhusu wasafiri waliostahili kupewa viza wapatiwe walipowasili. Hatua hiyo inaonesha umuhimu wa kuwa na utaratibu wa akiba: siku mfumo unapozimika, mpaka haufungwi, na afisa lazima ajue la kufanya kwa mkono.

Kosa dogo katika daftari

Mfumo wa kidijitali una ukali ambao karani wa zamani hakuwa nao. Karani aliyemjua mwombaji, au aliyeelewa desturi za eneo lake, aliweza kutambua kuwa Mwajuma na Mwanajuma ni mtu yuleyule, au kwamba jina la babu limeandikwa badala ya la baba. Mashine haijui hivyo. Kwake, herufi moja ikitofautiana, watu ni wawili.

Watanzania wengi wazima walizaliwa nyumbani au katika zahanati wakati ambapo usajili wa vizazi haukuwa umeenea. Wengine walipata vyeti wakiwa wakubwa, kwa kutumia viapo na kumbukumbu za shule. Jina lililoandikwa kwenye cheti cha darasa la saba linaweza kutofautiana na la kwenye kadi ya kliniki, na la kwenye Kitambulisho cha Taifa likatofautiana na yote mawili. Tofauti hizo hazikumsumbua mwenye nazo kwa miaka mingi. Siku mifumo inaposomana ndipo zinapojitokeza zote kwa pamoja, mara nyingi wakati mwenyewe ana haraka ya kusafiri.

Uzito huu ni mkubwa zaidi kwa wakazi wa mikoa ya mpakani. Katika Kigoma, Kagera, Mara, Arusha au Songwe, koo moja huweza kuwa pande mbili za mpaka, na majina yakafanana kabisa. Maafisa Uhamiaji hushiriki katika uhakiki wa uraia wakati wa usajili wa Vitambulisho vya Taifa, na katika maeneo hayo maswali huwa mengi zaidi. Ni wajibu halali wa Serikali kuuliza. Lakini ni haki ya mwananchi kuulizwa kwa staha, kuelezwa upungufu uliopo, na kupewa nafasi ya kuleta mashahidi wa ukoo na viongozi wa mtaa au kijiji wanaomfahamu.

Mfano unaostahili kukumbukwa ni wa waliokuwa wakimbizi wa Burundi wa mwaka 1972 katika makazi ya Katumba, Mishamo na Ulyankulu. Tanzania iliwapa uraia zaidi ya watu 162,000, na ugawaji wa vyeti vyao ulianza mwaka 2014. Huo ulikuwa uamuzi mkubwa wa kibinadamu, na kila jina ndani yake lilihitaji kumbukumbu yake. Leo, mtoto wa mmoja wa watu hao akiomba pasipoti, cheti cha uraia cha mzazi wake ndicho kiungo kinachomfungamanisha na nchi. Kumbukumbu ile ikihifadhiwa vizuri na kuonekana katika mfumo, ombi lake ni la kawaida kama la mwingine yeyote. Ikikosekana, kijana aliyezaliwa Tanzania hujikuta akithibitisha upya jambo ambalo Serikali ilikwisha kulimaliza.

Kwa hiyo, kazi ya kuhamisha majalada ya zamani kwenda katika mfumo si kazi ya kuchanganua karatasi peke yake. Ni kazi ya kusoma, kulinganisha na kusahihisha. Na karatasi zenyewe zinapaswa kuendelea kutunzwa kwa mujibu wa taratibu za nyaraka za umma, hata baada ya picha zake kuingia katika seva.

Taarifa binafsi za mwombaji

Alama ya kidole haibadiliki kama neno la siri. Mtu aliyeibiwa neno la siri hutunga jingine. Aliyeibiwa alama ya kidole hana pa kupata kidole kipya. Mfumo wa uhamiaji unahifadhi alama hizo, pamoja na taarifa za familia, safari na ajira za raia na wageni.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika mwezi Mei 2023, imeweka misingi ya jambo hili: taarifa zikusanywe kwa lengo halali na lililo wazi, zisizidi zinazohitajika, ziwe sahihi, na mhusika awe na haki ya kuomba zisahihishwe. Sheria hiyo imeunda pia Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, inayopokea malalamiko. Kwa watumishi, maana yake ni kwamba kufungua jalada la mtu bila sababu ya kikazi ni kosa, na tofauti na kabati la chuma, mfumo uliojengwa vizuri huandika nani alifungua jalada, lini, na alibadilisha nini.

Afisa bado ndiye mwenye uamuzi

Kumbukumbu hiyo ya nani alifanya nini huenda ndiyo badiliko kubwa kuliko yote. Mfumo hauamui kama mtu apewe kibali. Sheria imempa mamlaka hayo binadamu mwenye cheo na wajibu. Kinachofanywa na mfumo ni kuonesha ombi liko kwa nani na limekaa hapo siku ngapi. Msimamizi hahitaji kusubiri malalamiko ili ajue kwamba maombi yamerundikana katika dawati fulani. Na afisa mwadilifu anayetuhumiwa kuchelewesha ombi anayo kinga: kumbukumbu zinaonesha lilimfikia lini na alilitoa lini.

Hata hivyo, takwimu za kasi zina mtego wake. Afisa anayepimwa kwa idadi ya maombi aliyoyamaliza anaweza kushawishika kuyakataa yenye utata ili ayaondoe mezani. Ombi la mjane asiye na cheti cha ndoa, au la yatima anayelelewa na bibi, huhitaji muda na busara. Huduma bora hupimwa kwa kasi ya maombi mepesi na pia kwa uangalifu unaotolewa kwa yaliyo magumu.

Vilevile, si kila mwananchi ana simu janja, umeme wa uhakika au uzoefu wa kujaza fomu mtandaoni. Anayelazimika kumlipa mtu mtaani ili amjazie fomu hurudi mikononi mwa kishoka kwa mlango wa nyuma, safari hii akiwa amemkabidhi pia taarifa zake zote. Dawati la msaada katika ofisi za Uhamiaji za mikoa na wilaya linabaki kuwa sehemu ya mfumo wa kidijitali, kama ilivyo seva.

Mambo ya kuzingatia kwa mwombaji

Njia rahisi ya kuepuka usumbufu ni kujiandaa kabla ya haja ya safari kutokea. Mwombaji anashauriwa kulinganisha jina na tarehe ya kuzaliwa katika cheti cha kuzaliwa, Kitambulisho cha Taifa na vyeti vya shule. Akiona tofauti, arekebishe kwanza katika taasisi iliyotoa waraka wenye kosa. Ajaze fomu yake mwenyewe, au mbele ya mtu anayemwamini, katika tovuti rasmi ya Idara ya Uhamiaji pekee. Alipe kwa kumbukumbu namba aliyopewa na mfumo, kamwe si kwa namba ya simu ya mtu binafsi. Atunze namba ya ombi, kwani ndiyo ufunguo wa kufuatilia. Kwa mwajiri wa mgeni, ni vyema kuanza na kibali cha kazi mapema, na kuhakikisha mpango wa kurithisha ujuzi umeandikwa kwa ukweli unaoweza kukaguliwa.

Akipata majibu yasiyomridhisha, mwombaji ana haki ya kuuliza sababu. Tofauti na zamani, swali la jalada langu liko wapi sasa lina jibu, na jibu hilo limeandikwa mahali ambapo mwombaji, afisa na msimamizi wanaweza kulisoma kwa pamoja.